Jarida la walimu wa Kiswahili limefungwa baada ya miaka yote hii. Nani anajua kilichotokea hasa?

#1 Mwl_Malaba
Wanajamvi, salaam. Jumamosi katibu wa chama chetu cha walimu wa Kiswahili alinitumia ujumbe wa simu wa mistari mitatu: toleo la mwaka jana ndilo lilikuwa la mwisho, jarida halitachapwa tena, ahsanteni kwa ushirikiano. Nimeusoma mara nne nikitafuta sababu. Haimo.

Nilipopangiwa kazi huku mpakani nilikuwa mwalimu pekee wa Kiswahili shule nzima. Wenzangu waliniita afande, maana kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini na ya vizuizi vya barabarani. Kila muhula bahasha ya kaki ilifika kwenye sanduku la posta la shule, jina langu limeandikwa kwa mkono, wino wa buluu. Jalada la kijani, kurasa kumi na sita, pini mbili katikati. Nilikuwa nalisoma palepale kwa karani, nimesimama, kengele ikilia. Ndilo lililonijulisha kwamba kuna mwalimu mwingine Kitgum anayehangaika na ngeli zilezile.

Hapa Uganda Kiswahili ni lazima S1 na S2, yaani kidato cha kwanza na cha pili, tangu mtaala mpya wa 2020. Walimu tumeongezeka. Kwa nini jarida life sasa, lisife zamani tulipokuwa wachache na wapweke zaidi? Anayejua aseme.

#2 BintiArua
Pole mwalimu. Mimi hata huo ujumbe sikuupata, najulia hapa. Toleo la mwisho nililoshika mkononi ni la kabla ya korona.

#3 Chaki_Nyeupe
Umelijibu swali mwenyewe, BintiArua. Ni korona. Shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kabisa Januari 2022. Sisi wa shule za binafsi hatukuona mshahara. Mimi nilikaanga chapati kando ya barabara Iganga, mwenzangu wa Fasihi akashika bodaboda na hadi leo hajarudi darasani. Jarida liliishi kwa ada ya wanachama. Mtu anayetafuta unga wa watoto hatumi ada ya chama.

#4 Mtunza_Hazina_Mstaafu
Nawasalimu wote. Nilishika fedha za chama kwa miaka kadhaa, kwa hiyo niruhusuni nimrekebishe Chaki_Nyeupe kidogo. Korona ilipiga, ndiyo, lakini ilimkuta mgonjwa kitandani. Ada ilianza kushuka zamani.

Tulikuwa tunachapa Nasser Road, mtaa wa wapigachapa Kampala. Asiyewahi kuchapisha kitu pale hajui hesabu yake: bamba la kuchapia linatengenezwa kwa bei ileile, uchape nakala mia au elfu moja. Ukichapa nyingi, gharama inagawanyika. Wanachama wanaolipa wakipungua, unachapa chache, kila nakala inakuwa ghali, unapandisha ada, wengine wanaondoka. Tulizunguka katika duara hilo miaka na miaka.

Na fotokopi. Shule moja ina walimu watano wa Kiswahili, analipa mmoja, wanne wanafanya fotokopi. Sikuwalaumu, mshahara naujua. Lakini kurasa zilipokuwa zinatoka mashineni bado zina harufu ya wino, mimi na mhariri tulikaa sakafuni tukizikunja wenyewe kwa rula ya mbao ili tusilipe mkunjaji. Saa nane za usiku. Nilikuwa nahesabu nakala na kusema moyoni, hizi zinasomwa na watu wengi kuliko wanaozilipia.

#5 Ndege_wa_Kasese
Mzee, nakiri hadharani. Mimi ni mmoja wa hao wanne. Mkuu wa idara alikuwa analifungia jarida kwenye droo yake na ufunguo anao shingoni, sasa tufanyeje? Tulipata siku moja tu ya kulikopi, ile siku anapokwenda benki.

#6 Chaki_Nyeupe
@Mtunza_Hazina_Mstaafu nakubali kwamba alikuwa mgonjwa, mzee. Lakini mgonjwa alikuwa anatembea. Mwaka 2019 tulipata matoleo yote matatu.

#7 Kalamu_Huru
Hamjataja Facebook. Kamati iliamua sehemu ya maswali ya mtihani na matangazo ihamie kwenye ukurasa wa Facebook, eti huko hakuna gharama ya kuchapa. Mara ikaja ile kodi ya mitandao ya Julai 2018, shilingi 200 kwa siku. Mwalimu wa kijijini akaona bora anunue sukari. Halafu Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ikafungwa nchini. Ukurasa ukabaki huko, unaingiwa na wenye VPN tu. Tulihamisha vitu kwenye nyumba ya kupanga na mlango ukafungwa.

#8 Soroti_Moja
Kalamu_Huru, nilikuwa kwenye mkutano ule. Ukurasa ulifunguliwa kabla ya kodi. Na kilichohamishwa ni matangazo peke yake. Maswali ya mtihani yalibaki kwenye karatasi hadi mwisho, kwa sababu mhariri alikataa katakata. Alisema mwanafunzi wa Amuria hana simu ya kuperuzi. Tuweke sawa hapo.

#9 Kalamu_Huru
Nimekubali kuhusu tarehe. Lakini matangazo ndiyo yaliyokuwa yakiingiza hela! Wachapishaji wa vitabu walikuwa wanalipia ukurasa wa nyuma. Ukiyapeleka mahali pa bure, nani atalipa tena?

#10 Mtunza_Hazina_Mstaafu
Hapo umesema kweli, na mimi nilipiga kura kuyahamisha. Ukurasa wa nyuma ulikuwa unalipa karibu gharama yote ya posta.

#11 Mjukuu_wa_Bombo
Nyote mnaongea hela. Jarida lilikuwa mtu mmoja. Mhariri alikusanya, akasahihisha, akapiga taipu, akapeleka Nasser Road, akaandika bahasha. Mwenye jarida alipofariki, jarida nalo likazikwa. Mungu amlaze pema.

#12 Mwl_Malaba
Amefariki lini?? Mbona sikusikia?

#13 Mpwa_wa_Tororo
Hajafariki! Tafadhali msimzike mtu. Yu hai, yuko nyumbani kwake huku Tororo, nami namtembelea karibu kila mwezi. Macho ndiyo yaliyomwangusha. Presha ya macho, aliigundua imechelewa. Jicho la kulia halioni kabisa, la kushoto linaona mwanga na vivuli. Alisahihisha toleo lake la mwisho kwa kumweka mjukuu wake wa darasa la saba amsomee kila mstari, pamoja na alama za uandishi. "Mkato. Nukta. Herufi kubwa." Nilikuwepo siku moja, nikakaa kimya kibarazani nikisikiliza. Mtoto akiruka mkato, mzee alijua kwa pumzi yake.

#14 Mjukuu_wa_Bombo
Alhamdulillahi. Naomba radhi kwake na kwenu. Niliambiwa na mtu ninayemwamini.

#15 BintiArua
Nimelia hapo kwenye mkato na nukta. Mimi aliwahi kunirudishia makala yangu mara tatu. Mara ya tatu aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Sasa unaongea. Mwanzo ulikuwa unahutubia." Karatasi ile ninayo hadi leo.

#16 Mganda_Mswahili
Makala bora kuliko zote ni ile ya herufi l na r. Mnaikumbuka? Sisi tunaofundisha Buganda ilitufungua macho. Katika Luganda r huandikwa baada ya e na i, kwingineko ni l. Sikio la mtoto halizitenganishi kama sauti mbili. Ndiyo maana anaandika *habali* kwa habari na *kirimo* kwa kilimo. Miaka yote nilikuwa nawakata watoto alama nikidhani ni wazembe. Makala ikaonyesha kwamba mtoto anafuata kanuni, ila ni kanuni ya nyumbani. Ukijua hivyo unamfundisha kwa namna nyingine: unaanza na maneno ambayo l na r zinabadilisha maana, *kura* na *kula*, *mahali* na *mahari*. Darasa langu lilibadilika muhula mmoja.

#17 Ndege_wa_Kasese
Na ule ugomvi wa "rafiki yangu" na "rafiki wangu"! Ulichukua matoleo manne.

#18 Kalamu_Huru
Ni "rafiki yangu". Jina liko ngeli ya N, kivumishi cha kumiliki kinafuata huko, kitenzi kinafuata uhai: rafiki yangu amefika. Kama baba yangu, dada yangu.

#19 Chaki_Nyeupe
Na wingi? Marafiki zangu au marafiki wangu?

#20 Kalamu_Huru
Zangu.

#21 Mganda_Mswahili
Hapana, ukishaweka *ma-* umeshatoka kwenye N. Ama useme rafiki zangu, ama...

#22 Mwl_Malaba
Jamani, uzi huu ni wa jarida! Ingawa nimefurahi. Hivi ndivyo barua za wasomaji zilivyokuwa.

#23 Nyota_ya_Mbarara
Samahani wakubwa, mimi nimeanza kufundisha mwaka juzi. Hilo jarida sikuwahi kuliona. Tuko kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa Kiswahili, swali ukiliuliza usiku unajibiwa kabla hujalala. Sasa karatasi inayokuja mara tatu kwa mwaka ilikuwa inasaidia nini zaidi? Nauliza kwa nia njema.

#24 BintiArua
Swali zuri, mdogo wangu. Nikuulize nawe: mwezi wa tatu kuna mtu alieleza vizuri sana tofauti ya *-po-*, *-ko-* na *-mo-* kwenye kundi hilohilo, nami nimo. Kanitafutie.

#25 Nyota_ya_Mbarara
Nimetafuta robo saa. Nimepata salamu za asubuhi, picha za maua, tangazo la kiwanja na rambirambi. Sijaipata.

#26 BintiArua
Mimi nikitaka makala ya l na r nanyoosha mkono kwenye rafu. Ila kosa si lenu. Sisi tuliokuwa na jarida tuliacha kuliandikia tulipopata kundi. Mtu akishajibu swali WhatsApp anaona kazi imekwisha, hakai chini kuandika kurasa mbili. Kwangu sababu ndiyo hiyo. Hela ingepatikana. Makala ndizo zilizokauka. Toleo la mwisho nusu yake lilikuwa marudio ya zamani.

#27 Soroti_Moja
BintiArua, na mimi niongeze kitu kinachouma. Juni 2022 walimu wa sanaa tuligoma. Walimu wa sayansi wenye shahada walikuwa wanapandishiwa mshahara hadi milioni 4, sisi tunabaki palepale. Kiswahili ni sanaa. Tukarudi darasani mikono mitupu. Tangu siku ile watu wengi waliokuwa wanaandika bure kwa moyo walisema moyo umechoka. Rafiki yangu (Kalamu_Huru, nimesema *yangu*) alikuwa na makala juu ya vitendawili vya Kiteso na vya Kiswahili, imekamilika, kaiweka sandukuni. Akaniambia, niandike usiku kucha halafu asubuhi niombe nauli kwa mwalimu wa Fizikia?

#28 Chaki_Nyeupe
Hilo ni kweli tupu.

#29 Mtunza_Hazina_Mstaafu
Moyo kuchoka nauelewa. Lakini matoleo ya kwanza yaliandikwa na watu wenye mishahara midogo kuliko hiyo. Tulikuwa tunachapa kwa stensili, mashine ya kuzungusha kwa mkono, wino unakufika hadi kwenye viwiko.

#30 Mkutubi
Nimesoma uzi wote. Niko maktaba, si mwalimu, ila jambo hili linanihusu.

Mwl_Malaba ameuliza kwa nini jarida life wakati lugha inakua. Uganda imeshawahi kuona jambo kama hilo. Wengi hawajui kwamba Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ile iliyoanzishwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, ilihamia Makerere mwaka 1952. Miaka kumi hivi taarifa zake, ambazo baadaye ziligeuka jarida kamili, zilihaririwa hapahapa Kampala, kwenye kilima kile. Mwaka 1962 kamati ikahamia Mombasa, kisha Dar es Salaam. Jarida halikufa. Lilipata kuitwa *Swahili*, baadaye *Kiswahili*, na ndilo lile la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo jarida kubwa la lugha hii liliishi kwetu, likaondoka, sisi tukabaki bila.

#31 Mganda_Mswahili
Hili sikulijua kabisa! Nilifundishwa historia ya Kamati kama kitu cha Dar tu.

#32 Mkutubi
Dar ndiyo mwanzo, kisha Nairobi, kisha Makerere. Na kuna *Transition*, Rajat Neogi aliianzisha Kampala mwaka 1961, akafungwa 1968, jarida likaenda Ghana, leo liko Marekani. Pia lingali hai. Majarida yetu yakiugua hupona yakifika ugenini.

#33 Mjukuu_wa_Bombo
Kwa sababu serikali ilikuwa haijakitambua Kiswahili. Kimekuwa lugha rasmi juzi tu, 2022.

#34 Mkutubi
Hapana ndugu. Lugha rasmi ya pili ni tangu marekebisho ya Katiba ya 2005. Julai 2022 ni Baraza la Mawaziri lililopitisha kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Na kabla ya hapo, 1973, Amin alikitangaza lugha ya taifa.

#35 Mjukuu_wa_Bombo
Leo nimerekebishwa mara mbili na nimeshukuru mara mbili.

#36 Ndege_wa_Kasese
Mimi naona mtaala wenyewe ndio uliolimaliza. Sikilizeni. Kilichouza jarida ni maswali ya majaribio ya UNEB, baraza la mitihani, kwenye kurasa za katikati. Mtaala wa 2020 ukaja na miradi, kazi za vikundi, tathmini endelevu. Maswali ya zamani ya kuchagua jibu na kujaza pengo yakawa hayana kazi. Wakuu wa shule waliokuwa wanalilipia kwa fungu la mitihani wakaacha. Sisi tulipenda barua na makala, aliyetoa hela alitaka maswali.

#37 Mtunza_Hazina_Mstaafu
Hilo sikuwahi kulifikiria hivyo. Shule zilizolipa zilipungua sana mwaka ule, nikadhani ni korona tu. Vilikuja kwa pamoja, siwezi kuvitenganisha.

#38 Chaki_Nyeupe
Basi na tuseme ni korona na mtaala.

#39 Kalamu_Huru
Na matangazo.

#40 BintiArua
Na sisi wenyewe kuacha kuandika. Msiliruke hilo.

#41 Mpwa_wa_Tororo
Nilimuuliza mwenyewe Jumapili iliyopita, kabla sijauona uzi huu. Nilimwuliza, baba, jarida limefungwa kwa nini? Alikaa kimya, akaniambia barua za wasomaji ziliacha kuja. Zamani alikuwa anakwenda posta Ijumaa na mfuko wa rafia, unarudi umejaa. Mwishoni alikuwa anakwenda, karani anamtikisia kichwa kutoka mbali ili mzee asichoke kupanda ngazi. Akasema, "Mimi nilikuwa najibu tu. Hakuna anayeuliza, nijibu nini?"

Simsemei kwamba hiyo ndiyo sababu. Namnukuu tu.

#42 Nyota_ya_Mbarara
Je, tukimwandikia sasa? Barua ya karatasi. Atasomewa.

#43 Mpwa_wa_Tororo
Atafurahi sana. Nitumieni ujumbe wa faragha niwape sanduku la posta, nisiliweke hapa.

#44 Mkutubi
Jambo moja la haraka kabla hatujatawanyika. Matoleo ya zamani yako wapi? Kisheria kila kinachochapwa Uganda nakala yake inapaswa kuwekwa maktaba. Makerere ina jukumu hilo tangu 1958, na Maktaba ya Taifa tangu sheria ya 2003. Nimetafuta jarida lenu kwenye rafu zetu, nimekuta matoleo saba tu. Saba! Mengine yako majumbani mwenu, chini ya vitanda, mchwa wanayasoma.

#45 Mtunza_Hazina_Mstaafu
Kosa ni letu. Kupeleka nakala ilikuwa kazi yangu na sikuifanya kila mara. Kila toleo nilisema nitapeleka nikienda mjini, nikifika mjini nakimbizana na mpigachapa.

#46 Mwl_Malaba
Ninayo mengi, yamefungwa kwa kamba kwenye sanduku la bati. Nimeyamwaga sakafuni sasa hivi nayapanga kwa miaka. Yanayokosekana kwangu ni la kwanza kabisa, yale mawili ya mwaka wa uchaguzi wa 1996, na lile la l na r ambalo niliazimwa halikurudi. Mkutubi, nikikuletea haya utayapokea?

#47 Mkutubi
Kwa mikono miwili. Usiyatoe pini, usiyabandike gundi ya plastiki. Yafunge kwenye karatasi safi, uyalaze, usiyasimamishe.

#48 Ndege_wa_Kasese
Mimi ninazo fotokopi. Zinakubalika?

#49 Mkutubi
Kama halisi halipo, fotokopi ni dhahabu. Lete.

#50 Mtunza_Hazina_Mstaafu
La kwanza ninalo. La stensili. Wino umefifia ukurasa wa tatu, ila nikilielekeza dirishani linasomeka.

#51 Soroti_Moja
Nami ninalo la l na r. Kona ya ukurasa wa tisa imechanika, maneno yote yapo. Ijumaa nashuka na basi la asubuhi kupitia Mbale hadi Tororo. Mwl_Malaba, nikuletee moja kwa moja hadi Malaba, au nianzie kwa mhariri?

#52 Mwl_Malaba
Anzia kwa mhariri. Kaa naye kibarazani, msomee lote. Na usiruke mikato.